Haja Ndogo

Kichwa cha Mwalimu kilikuwa kimenyolewa upande wa kushoto tu pale Kinyozi alipozima mashine, akaiweka mezani, akasema, "Nakuja sasa hivi," kisha akatoka mbio kwa mlango wa nyuma na kitana bado kimechomekwa sikioni.

Wateja kwenye benchi walitazamana. Hakuna aliyeuliza anakwenda wapi, maana siku hizi hata watoto wa mtaa walijua. Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusema, alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, kama mtu anayelinganisha watu wawili asiowapenda.

"Miaka yote tumemwita Mkono Mwepesi," alisema. "Mimi leo nalibadilisha jina hilo. Huyu ni Nusu Kichwa."

Kicheko kilivuka ukuta kikamkuta Kinyozi amesimama chooni, mkono mmoja ukutani, akisubiri. Haja ilikuwa imemjia kwa fujo, ikamtoa kazini mbele za watu, na sasa alipokuwa tayari kuitimiza, ilikuwa imebadili mawazo. Tone. Kimya. Tone. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, na bila shaka walikuwa bado vijana walipoyasema hayo. Kinyozi alishukuru kwa alichopata, akafunga zipu, na kabla hajafika mlangoni alihisi haja nyingine inapiga hodi.

Aliporudi alicheka kuwashinda wote. "Nusu Kichwa, eeh? Basi na malipo yawe nusu," alisema, akawasha mashine nyuma ya sikio la Mwalimu. Ndani ya nafsi alijiambia: hongera, bwana mkubwa. Umenyoa vichwa vya mtaa mzima, na sasa kinachokutawala ni kibofu.

Kinyozi hajinyoi, na huyu wetu hata kujipeleka kwa daktari ilimchukua muda. Alipofika, alikuta daktari ni binti wa rika la mwanawe wa kwanza.

"Karibu, baba. Una shida gani?"

"Kiuno," alisema Kinyozi.

Daktari aliandika. "Kiuno tu?"

"Na goti. Hili la kulia." Alilipiga goti kofi ili lionekane lina hatia.

"Na nini kingine?"

Kinyozi alitazama picha ya ukutani iliyoonyesha meno. "Na maji."

"Hunywi maji ya kutosha?"

"Kunywa nakunywa. Ni kutoka ndiyo hayataki."

Binti yule hakucheka, na kwa hilo Kinyozi alimheshimu tangu siku hiyo. Alimuuliza maswali ambayo hata mkewe hajawahi kumuuliza, akampeleka kupimwa damu na mkojo, akampima na sehemu ambayo Kinyozi aliapa hataitaja mbele ya mtu yeyote mpaka aingie kaburini. Kisha akamwita tena akamketisha.

"Baba, vipimo havionyeshi saratani. Ni tezi dume. Kila mwanamume anayo, na umri ukisogea huwa inakua, inabana njia ya mkojo."

"Inakua?"

"Inakua."

Kinyozi alikaa akalitafakari neno hilo. Nywele zake zilikuwa zinapungua, wateja walikuwa wanapungua, hata urefu wake ulikuwa umepungua tangu kipimo cha mwisho. Mwilini mwake kilichobaki na hamu ya kukua kilikuwa kitu kimoja, na kati ya sehemu zote kilikuwa kimechagua pale.

Daktari alimwandikia vidonge: kimoja kila siku baada ya chakula. Havitaiondoa tezi, alisema, vitalegeza misuli ili mkojo upite. "Ukiamka, inuka polepole, vinaweza kukupa kizunguzungu. Usiache dawa bila kuniambia. Ukipata mafua usinunue vidonge ovyo, vingine vinafunga mkojo kabisa. Na zungumza na mama nyumbani, kwa sababu unaweza kuona mabadiliko kidogo mkiwa faragha. Hayana madhara, lakini asishtuke."

"Sawa, sawa," alijibu Kinyozi kwa kila jambo, kama mteja anayeonyeshwa kisogo chake kwenye kioo na hana miwani.

Zungumza na mama! Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Kutwa nzima cherehani yake ililia pale barazani, akishona sare za shule za nusu ya mtaa, na kutwa nzima wanawake walikuja kupimwa na kuongea. Kinyozi aliona wazi: leo amwambie, kesho kila kiuno kitakachopimwa kitajua habari za tezi yake. Hakujiuliza kama mkewe amewahi kutoa siri yake hata moja. Aliamua kuvificha.

Mifukoni hapakufaa, maana mifuko yote ya nyumba ile ilikaguliwa kabla ya kufuliwa. Basi alichukua koti lake la sherehe, akafumua bitana upande wa ndani, akatumbukiza vidonge, akashona juu. Kila siku alifumua na kushona. Alijiona mjanja kupita kiasi. Haikumpitia akilini kwamba, kati ya mahali pote duniani pa kumficha fundi cherehani kitu, alikuwa amechagua mshono.

Dawa ilifanya kazi. Baada ya siku chache maji yalianza kutoka kama ya mtu na heshima zake. Mwalimu alinyolewa kichwa kizima kwa mkupuo mmoja, akaondoka amenuna kwa kukosa la kusema. Na mabadiliko yale ya faragha nayo yalikuja, kama daktari alivyoahidi: safari ilifika mwisho wake, lakini mizigo haikushuka. Kinyozi alishtuka. Kuanzia usiku ule alijifanya amechoka, akampa mkewe mgongo.

Siku moja alirudi nyumbani mchana kula, akamkuta mkewe amekaa na lile koti mapajani.

"Baba watoto, nani kashona hapa?"

"Wapi?"

"Hapa. Mshono huu si wangu. Sindano imepita kama kuku anayekimbizwa." Alifungua kiganja. Vidonge vilikuwa vimelala pale, katika karatasi yake ya fedha. "Na hivi ni vya nini?"

Kinyozi aliyajua maneno. Mkojo. Tezi. Naumwa, mke wangu. Yalikuwa mafupi, yalikuwa mdomoni tayari. Ulimi ukayaruka yote ukatua kwingine.

"Ni dawa ya… mambo ya kiume."

Mkewe alivigeuza vidonge kiganjani. "Mambo ya kiume."

"Ndiyo."

"Ya nyumba ipi? Maana humu ndani sijayaona." Alisimama, koti likaanguka. "Unanigeuzia mgongo, unasema umechoka. Kumbe unachokea kwingine! Na miezi yote ile ya kuamka amka usiku. Nikikuuliza, haja ndogo, haja ndogo. Kumbe nyumba ndogo!"

Hapo ndipo mwenye akili angesema. Kinyozi naye alifungua kinywa aseme, lakini kabla neno halijatoka, kitu cha kipumbavu kikamtekenya moyoni. Nyumba ndogo! Yeye, na kitambi hiki, na upara huu ambao yeye mwenyewe anauonea haya kwa kuwa ni kinyozi! Kumbe bado kuna mtu duniani anayeweza kumshuku! Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Mgongo wake ukanyooka wenyewe. Mwanamume anayesingiziwa hawara hupita mtaani kifua mbele; anayevuja matone hupita ukutani. Akafumba kinywa, na kule kunyamaza kwake kukawa ndiyo jibu.

Mkewe alivitazama vidonge, akavitazama vile vile alivyomtazama yeye, akaenda navyo chooni. Maji yakasikika. Dawa ya kumfungulia haja ndogo ilikuwa imetangulia chooni kumsubiri.

"Jumapili kaka yangu anakuja," alisema aliporudi. Sauti haikuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha Kinyozi kuliko kelele. "Utamweleza yeye. Kama ni kweli, mimi naondoka na cherehani yangu."

Jioni Kinyozi alipofunga duka lake akarudi, cherehani ilikuwa imefunikwa, imefungwa kwa kamba ya katani, imewekwa karibu na mlango. Nyumba ilikuwa kimya. Kinyozi hakuwahi kujua kama ile kelele ya cherehani, aliyoilalamikia tangu siku ya harusi, ndiyo iliyokuwa ikimwambia kwamba yuko nyumbani.

Angeweza kununua vidonge vingine. Lakini duka la dawa lilikuwa na foleni, na kwenye foleni walikuwepo majirani. Akajipa moyo kwamba amepona. Siku ya kwanza hali ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa nzuri kiasi. Kufikia Ijumaa kicheko kilirudi kwenye benchi na jina lake jipya likarudi nalo, na Jumamosi akaamka na mafua ya mteja mmoja aliyempigia chafya usoni juzi yake.

Mafua ni ugonjwa wa heshima. Unautangaza dukani kwa sauti, na watu wanakupa pole. Kinyozi alinunua vidonge vyake hadharani, na Jumapili asubuhi akameza viwili kwa mkupuo, kusudi asije akavuta kamasi mbele ya shemeji yake, watu wakadhani analia. Kulikuwa na jambo daktari alisema kuhusu mafua. Alijaribu kulikumbuka, likagoma, akaachana nalo.

Walikaa sebuleni. Kaka wa mkewe alichukua kiti kikubwa. Alikuwa mtunza ghala mstaafu, na hakuna jambo aliloliamini kama utaratibu. Dada mkubwa wa Kinyozi alikaa upande wa pili, kumwakilisha mdogo wake. Mkewe alikaa karibu na mlango, mkono juu ya cherehani iliyofungwa.

"Tuende kwa utaratibu," alisema shemeji. "Kwanza, chai. Kunywa, shemeji, utulie."

Kinyozi alikunywa. Tangu alfajiri alikuwa hajapata hata tone, na tumbo la chini lilikuwa limeanza kukaza. Alikunywa tena kwa sababu shemeji alikuwa anamtazama.

"Pili, tunataka kujua. Jambo hili lipo au halipo?"

"Samahani kidogo," alisema Kinyozi, akatoka.

Chooni alisimama, akabembeleza, akafungua bomba ili maji yawe mfano mwema. Hakuna kitu. Alirudi, akakaa kwa upande mmoja wa tako, akahamia wa pili.

"Mnamwona anavyotapatapa?" alisema mkewe.

"Mdogo wangu, sema tu ukweli," alisema dada yake kwa huruma. "Binadamu tunateleza. Hata baba, Mungu amrehemu, tulijua kwamba alikuwa naye mmoja kule karibu na stesheni."

"Baba?" alisema Kinyozi.

"Hilo halimo kwenye ajenda," alisema shemeji.

"Samahani kidogo," alisema Kinyozi, akatoka tena. Safari hii shemeji alimfuata kwa kunyata, akaweka sikio kwenye mlango wa choo. Alisikia kuguna, kisha kimya kirefu, kisha mtu akinong'ona, "Njoo basi, njoo, nakuomba." Alirudi sebuleni macho yamemtoka.

"Yuko kwenye simu," alitangaza. "Anambembeleza aje hapa hapa!"

Kinyozi alipotokea, jasho likimtiririka, akishika ukuta, mkewe alikuwa amesimama. "Jina lake nani?" alisema. "Sitaki kingine. Niambie jina lake tu, niondoke nikilijua."

Kinyozi aliitazama ile kamba ya katani. Aliutazama mkono wa mkewe uliokuwa juu yake, kidole chenye alama za sindano za miaka yote waliyoishi pamoja. Kifua alichokitanguliza wiki nzima kikaisha hewa.

"Tezi," alisema.

"Tezi binti nani?" aliuliza shemeji, akiinama mbele.

"Tezi dume!" alipiga kelele Kinyozi, na majirani wote waliokuwa hawatakiwi kujua wakajua. "Siwezi kukojoa! Hakuna mwanamke, hakuna nyumba ndogo, vile vilikuwa vidonge vya mkojo! Tangu alfajiri sijakojoa, jamani, nakufa!"

Akapiga magoti pale pale kwenye zulia. Shemeji alitafuta utaratibu wa jambo hilo akaukosa. Aliyemfikia wa kwanza alikuwa mkewe. Alimgusa chini ya kitovu, akakuta pamesimama pagumu kama ngoma, akageuka. "Kaka, acha kukodoa macho. Ita gari."

Hospitalini muuguzi, kijana mpana wa mabega, alimwekea mpira wa mkojo. Mfuko ulianza kujaa, ukaendelea kujaa, na Kinyozi akalia machozi ya wazi mbele ya dada, shemeji na wagonjwa wengine, asijali. Hakuwahi kupewa zawadi kubwa kama hiyo.

"Mzee, umetumia dawa gani?" aliuliza muuguzi.

"Ya mafua. Viwili."

"Na ya tezi uliacha?"

Mkewe ndiye aliyejibu, akitazama sakafu. "Niliitupa chooni."

"Basi choo chenu sasa kitakuwa kinakojoa vizuri sana," alisema muuguzi, akaondoka na kazi zake.

Walipobaki wawili, Kinyozi alingoja mkewe acheke. Hakucheka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya mkojo. Na ya kuonekana una mwanamke hukuiona?"

Kinyozi alifikiri adanganye tena, akakuta hana nguvu. "Ile… ilikuwa aibu yenye sifa kidogo."

"Sifa." Aliketi ukingoni mwa kitanda, kwa uangalifu asivute mpira. "Unajua wiki nzima nimekuwa nikimpima huyo mwanamke? Kila nikifumba macho namwona. Najua kiuno chake, najua mabega. Mwembamba, hajazaa. Namwona kavaa nguo nzuri, na aliyemshonea ni mimi." Machozi yalimshuka. "Nimelia wiki nzima, baba watoto, nalilia kibofu."

Kinyozi alitaka kusema jambo la kuchekesha, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kila penye uzito. Hakulipata. Aliona aibu ya kweli, ile isiyo na sifa yoyote ndani yake, akamshika mkono akasema, "Nisamehe." Mkewe hakuuondoa mkono. Lakini hakujibu.

Kinyozi alirudi nyumbani na mpira wake, mfuko ukiwa umefungwa pajani ndani ya suruali pana. Daktari yule binti alimwanzishia dawa upya, akamtaka arudi baada ya siku chache: mpira utatolewa, ajaribu mwenyewe. Akiweza, ataendelea na vidonge. Akishindwa, mpira utarudi, na wataanza kuzungumza habari za kisu.

Mkewe alimpa kidonge kila siku baada ya chakula, kwa mkono wake, na kusimama pale mpaka kimemezwa. Alimwaga mfuko bila kukunja uso. Alimwambia inuka polepole, akainuka polepole. Lakini cherehani ilibaki karibu na mlango, imefungwa na kamba yake vile vile. Sare zilirundikana. Kinyozi aliipita kila siku akienda na kurudi, na hakuthubutu kuuliza.

Siku ya jaribio yeye na mkewe walikuta benchi la kliniki limejaa wanaume wakubwa, kila mmoja akisoma mabango ukutani kwa bidii. Mwishoni kabisa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, alikaa Mwalimu.

"Aa, Nusu… fundi," alisema, akijikohoza. "Mimi nimemsindikiza mtu."

"Yuko wapi?"

"Ameingia ndani kidogo."

Muuguzi alitoa kichwa mlangoni akaita namba. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Kinyozi aliiona kadi kwenye mkono wa Mwalimu, na namba iliyoandikwa juu yake. Maneno mazuri ya kulipiza yalimjia, yamenolewa kabisa kama wembe mpya. Akayameza.

"Mwalimu," alisema chini chini, "mtu wako anaitwa. Na mkifika ndani, anza na maji moja kwa moja. Usianze na goti."

Mwalimu alimtazama kwa muda, akavua kofia, akaingia.

Ilipofika zamu yake, mpira ulitolewa, akapewa maji ya kunywa, akanywa, akatembea varandani, akakaa, akatembea tena. Haja ilipokuja, ilikuja bila fujo. Mkewe alimsindikiza mpaka mlangoni, akabaki nje ameegemea ukuta na mkoba wake kifuani.

Ndani, Kinyozi alisimama. Mkono mmoja ukutani. Hakubembeleza, hakufungua bomba. Alisubiri tu, na katika kusubiri huko aligundua kwamba anachokiomba si mkojo peke yake.

"Vipi?" iliuliza sauti ya mkewe.

"Bado."

Mtu alipita varandani na ndoo. Kisha yakaanza. Hayakuwa mafuriko, yalikuwa kijito, lakini hakikukatika. Kiliimba kwenye sinki la choo, kikaimba, na aliyekuwa nje ya mlango alikisikia.

Kinyozi alinawa mikono, akajitazama kwenye kioo, akatoka. Mkewe hakuwa amebadilisha uso. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, kama anayepima nguo kabla ya kuikabidhi.

"Hajambo mwenzangu?" aliuliza.

Kinyozi alichelewa kidogo kuelewa. Alipoelewa kwamba anaulizwa Tezi, alitabasamu.

"Hajambo," alisema. "Anakusalimu."

"Mwambie mimi ndiye mke mkubwa, kwa hiyo asinisumbue usiku." Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea getini, na ilibidi Kinyozi aharakishe kumfikia. "Twende nyumbani. Watoto wa watu hawana sare, na ile kamba utaifungua wewe. Fundo nililikaza kwa hasira."